Huzuni ya Mpiga Kura Ambaye Mgombea Wake Ameshindwa

Matokeo ya uchaguzi yanapotangazwa, wapo watu ambao hawakugombea cheo chochote lakini hushindwa kula na kulala kana kwamba wao ndio walioshindwa. Jirani huwacheka. Hata hivyo, imebainika kuwa mwili wenyewe hushiriki katika huzuni hiyo.

Usiku wa tarehe 4 Novemba 2008, Barack Obama alipochaguliwa kuwa Rais wa Marekani, watafiti walipima mate ya wapiga kura kabla na baada ya matokeo kutangazwa. Walichunguza testosteroni, homoni ambayo kwa mwanamume hutengenezwa hasa katika korodani, na ambayo kwa kawaida hupungua jioni kuelekea wakati wa kulala. Kwa wanaume waliompigia Obama, kiwango chake hakikushuka. Kwa wale ambao wagombea wao walishindwa, kilishuka sana. Kwa wanawake badiliko kama hilo halikuonekana. Basi mtu anayesema kuwa nguvu zimemwishia huenda anasema kweli tupu.

Swali lililo zito zaidi ni hili: huzuni hiyo hudumu kwa muda gani? Mwaka 1994, katika jimbo la Texas, George W. Bush aligombea ugavana dhidi ya Ann Richards, aliyekuwa madarakani. Wapiga kura waliulizwa siku ya uchaguzi wangejisikiaje mwezi mmoja baadaye iwapo Bush angeshinda. Wafuasi wa Richards walitabiri kuwa furaha yao ingepungua. Bush alishinda. Mwezi ulipopita waliulizwa tena, wakaonekana kuwa na furaha ile ile waliyokuwa nayo kabla ya matokeo. La kustaajabisha zaidi, walimwona Bush kuwa afadhali kuliko walivyotabiri, ingawa alikuwa bado hajaapishwa wala hajatenda lolote. Aliapishwa Januari 1995.

Daniel Gilbert, Timothy Wilson na wenzao, waliochapisha uchunguzi huo mwaka 1998, waliufananisha uwezo huu na kinga ya mwili dhidi ya maradhi. Akili hutafuta sababu, hupima upya, huona jema katika baya. Kwa kuwa kazi hiyo hufanyika kimya kimya, mwenyewe haitambui, na anapotabiri kesho yake huisahau kabisa. Tena huwaza uchaguzi peke yake, akasahau kwamba mwezi ujao kutakuwa na palizi, ada za shule na arusi ya binamu.

Hapo ndipo hatari ilipo. Anayeamini kuwa uchungu wa leo utadumu miaka mitano huacha kazi, huvunja urafiki wa tangu utotoni, au humnunia mkewe aliyepiga kura kwingine. Uchungu hupita, lakini urafiki uliovunjwa haurudi kwa kawaida ya maumbile. Yafaa uamuzi wa namna hiyo ungoje wiki kadhaa. Kungoja huko hakumzuii mtu kupeleka malalamiko yake mahakamani ndani ya muda uliowekwa na sheria, wala kujiandaa kwa uchaguzi mwingine.

Ikumbukwe kwamba waliochunguzwa Texas walirudi nyumbani kwa amani. Aliyechomewa nyumba au kufukuzwa kazini kwa sababu ya kura yake ana hasara ya kweli, si masikitiko ya matokeo tu. Na yule ambaye usingizi na hamu ya chakula havijarudi baada ya wiki mbili amwone daktari.