Mwanga, Mchanga na Nyuso: Sayansi ya Picha za Ufukweni

Likizo ya Desemba inapofika, familia nyingi za Dar es Salaam huelekea ufukweni: Coco Beach, Kigamboni, wengine hadi Bagamoyo. Ni msimu wa joto, upepo wa kaskazi unavuma, na karibu kila kundi lina simu yenye kamera. Picha zinapotazamwa baadaye, mara nyingi bahari imetoka vizuri na mchanga umetoka vizuri, lakini nyuso za watu zimeingia giza. Lawama hutupiwa simu, ilhali simu ilifanya hesabu yake sawasawa. Ili tuielewe hesabu hiyo, inafaa tuanze na mwanga wenyewe.

Tunakiona kitu pale mwanga unapotoka kwake na kuingia machoni mwetu. Hasan ibn al-Haytham, mwanachuoni mzaliwa wa Basra, alilithibitisha jambo hili yapata miaka 1,000 iliyopita. Jua na taa hutoa mwanga wao wenyewe. Uso, mchanga na mnazi havitoi. Hupokea mwanga wa Jua, humeza sehemu yake na kurudisha sehemu iliyobaki. Kurudisha huko huitwa kuakisi. Kitu kinachoakisi karibu mwanga wote wa kila rangi tunakiona cheupe, na kinachoumeza karibu wote tunakiona cheusi. Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, kemikali ambayo kazi yake hasa ni kumeza mionzi ya Jua ili isiudhuru mwili.

Sasa tuingie ndani ya kamera. Lenzi hukusanya mwanga na kuuelekeza kwenye kitambuzi, yaani bamba dogo lililogawanywa katika mamilioni ya vyumba vidogo sana. Kila chumba hupima mwanga ulioingia humo. Chumba hicho kina mipaka. Mwanga ukizidi, hujaa, na sehemu hiyo ya picha huwa weupe mtupu. Ukipungua mno, huwa giza lisilo na chochote ndani yake. Kwa hiyo kabla ya kila picha kamera lazima iamue ipokee mwanga kiasi gani na kwa muda gani.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Kamera hupima mwanga unaoijia, lakini haina njia ya kujua kama mwanga mwingi umetokana na Jua kali au na kitu cheupe. Hulazimika kukisia. Kisio lililozoeleka tangu enzi za filamu ni kwamba mandhari ya kawaida, ukichanganya vyote vilivyomo, huakisi karibu asilimia 18 ya mwanga. Kwa bustani au mtaa wa kawaida, kisio hilo halikosei sana. Ufukweni linakosea. Mchanga mweupe wa matumbawe huakisi zaidi ya hapo, maji yanametameta, anga linang'aa. Kamera huona mwanga umezidi, basi huupunguza mpaka wastani urudi pale inapopataka. Mchanga hugeuka wa kijivu, na uso, ambao tangu awali uliakisi kidogo kuliko mchanga, hushushwa pamoja nao hadi gizani.

Simu za sasa hujaribu kutafuta nyuso na kuzipa kipaumbele, lakini tofauti ya mwanga ikiwa kubwa mno bado hushindwa. Na tusidhani kwamba kila upungufu ulitokana na maumbile ya mwanga tu. Kwa miaka mingi maabara za filamu za rangi Marekani zilisawazisha mitambo yao kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu. Ngozi nyeusi haikuwa kwenye kipimo.

Tiba ya kwanza ni kuiambia kamera kilicho muhimu. Gusa uso kwenye kioo cha simu, nayo itapima mwanga hapo. Kwenye simu nyingi unaweza pia kutelezesha kidole juu ili kuongeza mwanga. Anga la nyuma litapauka kidogo. Hiyo ni bei ndogo.

Tiba ya pili ni saa. Mwishoni mwa Desemba, adhuhuri ya Dar es Salaam, Jua huwa nyuzi 73 hivi juu ya upeo wa macho, karibu na utosi. Mtu wa mita 1.6 huwa na kivuli kisichofika nusu mita. Mwanga unaoteremka namna hiyo huangazia paji la uso na pua, na kuyaacha macho kwenye kivuli cha nyusi. Kama ni lazima kupiga picha saa hiyo, isogeze familia chini ya mkungu, kwenye ukingo wa kivuli, nyuso zikielekea mchanga ulio juani. Mchanga ule ule uliokuwa ukiidanganya kamera sasa unamulika nyuso kutoka chini na kujaza mashimo ya macho.

Jioni hali hubadilika, na sababu yake ni hewa. Mwanga wa Jua ni mchanganyiko wa rangi, na kila rangi ni wimbi lenye urefu wake: buluu karibu nanomita 450, nyekundu karibu 650. Molekuli za hewa hutawanya mawimbi, yaani huyapeperusha kila upande, na hutawanya mafupi zaidi. Mwanafizikia Lord Rayleigh alionyesha mwaka 1871 kwamba mtawanyiko huo hupungua kwa kipeo cha nne cha urefu wa wimbi; ndiyo maana buluu hutawanywa zaidi ya mara 4 kuliko nyekundu. Jua likiwa utosini, mwanga wake hupita unene mmoja wa angahewa. Likiwa nyuzi 6 juu ya upeo, hupita karibu mara 9 ya unene huo, na likigusa upeo, karibu mara 38. Njiani buluu nyingi imekwisha kutawanywa, na kinachotufikia kina rangi ya dhahabu, hakichomi macho, na kinakuja kutoka ubavuni, si kutoka juu.

Wapiga picha wa Ulaya huuita muda huu saa ya dhahabu, lakini kwetu haufiki saa. Karibu na Ikweta Jua huzama karibu wima. Dar es Salaam, kutoka nyuzi 6 hadi kuzama ni dakika 25 hivi. London mwezi Juni, ambako Jua huteremka kwa mshazari, ni takriban maradufu ya hapo. Anayengoja chai ipoe atakuta mwanga umeondoka.

Upande wa pwani nao una neno lake. Coco Beach inatazama mashariki. Jioni, familia ikisimama na bahari mgongoni, Jua huwapiga usoni kutoka bara, na bahari nayo imeangazwa. Hapo nyuso na maji hutoka pamoja. Isipokuwa miti na majumba ya upande wa bara huweza kuzikatiza dakika za mwisho, hivyo ni vyema kuwahi. Alfajiri mambo hupinduka: Jua huchomoza baharini, basi mpiga picha ndiye aipe bahari mgongo. Ufuo unaotazama magharibi, kama Kendwa huko Unguja, huenda kinyume, na jioni pale ukipiga kuelekea baharini utapata vivuli vya watu mbele ya anga jekundu. Wapo wanaopenda hivyo, na si kosa, mradi wamekusudia.

Jua likishazama, kamera hurefusha muda wa kupokea mwanga, pengine hadi sehemu moja ya 15 ya sekunde. Mtoto anayekimbia mita 3 kwa sekunde husogea sentimita 20 ndani ya muda huo, na picha yake hutoka kama ukungu. Juani, kwa sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, angesogea milimita 3 tu. Basi michezo ya majini ipigwe mapema, na magharibi wapigwe picha waliokaa mkekani.