Somo la Afya: Gego la Miaka Sita

Asubuhi, katika nyumba nyingi za Mwananyamala, mtoto hunywa chai ya sukari, hula andazi, kisha hukimbilia shule. Mabaki hunasa katikati ya meno. Vijidudu vya kinywani huila sukari hiyo na kutoa asidi, nayo asidi hulitafuna jino polepole. Tundu huanza hivyo, kabla mtoto hajalalamika maumivu.

Wazazi wengi hupuuza matundu hayo, wakijua kwamba meno 20 ya utotoni yatang'oka na kuota mengine. Hapo ndipo kosa linapotokea. Mtoto afikapo miaka 6 hivi, magego manne huota nyuma ya meno yote, mawili juu na mawili chini. Hayachukui nafasi ya jino lolote lililong'oka. Kwa hiyo hudhaniwa kuwa ni ya utotoni. Kumbe ni ya ukubwani. Gego hilo likioza na kung'olewa, haliotwi jingine.

Basi mazoea yaanze jino la kwanza liotapo. Mambo ya kufuata ni haya:

1. Kila baada ya kula, mtoto asukutue kwa maji safi.

2. Apigwe mswaki mara 2 kwa siku: asubuhi na usiku kabla ya kulala. Baada ya ule wa usiku, asipewe kitu ila maji.

3. Dawa ya meno iwe na floraidi: kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, na punje ya mbaazi kwa aliyezidi hapo. Povu litemwe.

4. Mpaka afikie miaka 7 hivi, mtu mzima amsaidie, aufikishe mswaki nyuma kabisa. Mswaki wa mti nao hufaa, ncha yake ikitafunwa hadi ilainike. Kila mtoto awe na wake.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto huiga, wazazi nao wapige mswaki mbele yake.

Kazi ya wanachama: Kila mwenye mtoto wa miaka 6 au 7 amtazame kinywa leo jioni. Ahesabu meno ya chini kutoka katikati kwenda upande mmoja. La sita, likiwapo, ndilo gego la ukubwani. Likiwa na doa jeusi au tundu, mtoto apelekwe mapema kwa mganga wa meno, asingojewe mpaka alie.