Vitufe vya Kibodi na Amri Zake

Katika somo lililopita tulijifunza sehemu za kompyuta na kazi zake. Tuliona kwamba kibodi ndiyo sehemu inayopokea yale tunayoyaandika kwa vidole. Leo tutachunguza jambo ambalo watu wengi wanaotumia kibodi kila siku hawalijui: kitufe chenyewe hakijui maana yake. Maana hiyo imeandikwa mahali pengine, nasi tunaweza kuibadilisha.

Kitufe hutuma nini?

Chini ya kila kitufe kuna swichi ndogo. Ukibonyeza kitufe, njia ya umeme huungana, ukikiachia, hukatika. Swichi hizi zimepangwa kwa mistari ya kulala na mistari ya kusimama, kama madawati yalivyopangwa darasani. Ndani ya kibodi kuna chombo kidogo kinachokagua mistari hiyo mmoja baada ya mwingine, mara nyingi sana katika kila sekunde. Kikikuta swichi iliyobonyezwa, hupeleka kwenye kompyuta namba ya swichi hiyo. Hakipeleki herufi K wala herufi M. Hupeleka namba tu.

Kompyuta ikipata namba hutazama jedwali ili ijue namba hiyo ni ya herufi gani. Kisha programu ya kuandikia hutazama jedwali lake yenyewe. Jedwali hili la pili huonyesha vitufe gani, vikibonyezwa pamoja, ni amri. Kwa mfano, katika programu nyingi Ctrl na C ni amri ya kunakili, Ctrl na V ni amri ya kubandika, na Ctrl na S ni amri ya kuhifadhi kazi. Vitufe vilivyounganishwa hivyo huitwa njia ya mkato, kwa sababu humwepusha mwandishi na safari ya kutafuta amri ile ile katika menyu.

Jaribio: Kibodi ya madawati

Vifaa: madawati, ubao na chaki. Umeme hauhitajiki.

Kila mwanafunzi apewe namba kwa mahali anapokaa. Aliye katika mstari wa 3, nafasi ya 2, ni namba 32. Mwanafunzi mmoja awe mkaguzi, na mwingine asimame ubaoni awe kompyuta. Andikeni ubaoni jedwali hili:

11 – piga makofi
24 – andika jina la shule
32 – futa ubao wa pembeni

Mwalimu amguse begani mwanafunzi mmoja kati ya hao watatu. Mwanafunzi huyo anyoshe mkono bila kusema neno. Mkaguzi apite mstari kwa mstari, na akimwona ataje namba yake kwa sauti. Kompyuta itazame jedwali na kutenda.

Sasa badilishaneni maneno ya namba 24 na namba 32, kisha rudieni jaribio. Mmeona nini? Mwanafunzi wa nafasi ya 24 hakuhama, wala namba yake haikubadilika, lakini sasa akinyosha mkono ubao hufutwa. Tulichobadilisha ni jedwali peke yake.

Fanyeni jambo moja zaidi. Andikeni namba 11 mara mbili, kila moja na amri yake, mwone kompyuta yenu itafanya nini. Huenda atasimama akicheka. Kompyuta halisi haicheki. Kwa kawaida programu huacha amri moja na kuifuata nyingine.

Kwa nini tunatumia Ctrl?

Fikiri: herufi K peke yake ikipewa amri ya kufuta, utaandikaje neno "kuku"? Ndiyo sababu amri nyingi huunganishwa na kitufe cha kusaidia kama Ctrl, Alt au Shift.

Hata hivyo, ziko programu zilizofuata njia nyingine. Mwaka 1976 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, Marekani, aitwaye Bill Joy, alitengeneza programu ya kuandikia iliyoitwa vi. Katika programu hiyo herufi zenyewe ni amri, mpaka mwandishi aiambie programu kwamba sasa anaandika. Akimaliza kuandika hubonyeza Esc, na herufi huwa amri tena. Bill Joy alitumia mashine ya aina ya ADM-3A. Kibodi ya mashine hiyo haikuwa na vitufe vya pekee vya mishale. Mishale ilichorwa juu ya vitufe vya H, J, K na L. Basi katika vi, H hupeleka alama ya kuandikia kushoto, J chini, K juu, na L kulia. Kitufe cha Esc nacho kilikuwa karibu, upande wa kushoto wa Q, mahali ambapo leo tunaona Tab.

Baadaye kibodi zilibadilika, na Esc ikahamia pembeni kabisa, juu kushoto. Wanaotumia vi na programu zilizotokana nayo wakawa wanakifuata kitufe hicho mbali, mara mamia kwa siku. Wengi wao wamebadilisha jedwali: kitufe cha Caps Lock, ambacho kipo karibu na kidole kidogo na hutumiwa mara chache, wamekipa kazi ya Esc.

Kubadilisha jedwali

Tutatumia LibreOffice Writer, programu inayopatikana bila malipo. Imetokana na OpenOffice, ambayo mwaka 2004 ilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, kwa kazi iliyofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Fungua menyu ya zana, chagua sehemu ya kurekebisha programu, kisha ukurasa wa kibodi. Utaona orodha ya vitufe, na chini yake makundi ya amri na amri zenyewe. Tuseme unataka Ctrl, Shift na J vikuonyeshe idadi ya maneno katika insha yako. Umechagua J kwa sababu ya neno "jumla". Tafuta vitufe hivyo katika orodha. Kumbe vina amri tayari, nayo ni kuujaza ukurasa skrini nzima! Ukiweka amri yako hapo, ile ya zamani itapoteza njia yake ya mkato. Amua kwanza. Vitufe vilivyoandikwa kwa rangi ya kijivu haviwezi kubadilishwa. Ukiharibu mambo, kipo kitufe cha kurudisha hali ya mwanzo.

Mtu anayeandika kwa mkono mmoja hupata taabu kubonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Yeye anaweza kuipa amri anayoitumia sana kitufe kimoja tu cha mstari wa juu, kama vile F8. Tena, katika Windows, ukibonyeza Shift mara tano mfululizo kompyuta itakuuliza kama unataka vitufe vya kusaidia vishike vyenyewe. Ukikubali, utabonyeza Ctrl kwanza, uiachie, kisha C.

Lakini kompyuta ya shule ina watumiaji wengi. Mwanafunzi wa zamu ya asubuhi akiipa Ctrl na S amri nyingine, yule wa zamu ya mchana ataibonyeza akidhani amehifadhi insha yake. Umeme ukikatika, insha imepotea. Kwa hiyo amri za kuhifadhi, kunakili, kubandika na kutengua zisiguswe katika kompyuta ya watu wengi, isipokuwa kila mtumiaji ana akaunti yake.

Maswali

1. Kibodi hupeleka nini kwenye kompyuta unapobonyeza kitufe?
2. Katika jaribio, kwa nini ubao ulifutwa ingawa hakuna aliyehama?
3. Vitufe vya herufi A mpaka Z ni 26. Ukivitumia na Ctrl, kisha na Alt, kisha na Ctrl na Shift pamoja, utapata njia ngapi za mkato?
4. Kwa nini Bill Joy alichagua H, J, K na L?
5. Chora jedwali la njia tano za mkato ambazo zingemfaa mwanafunzi anayeandika kwa mkono wa kushoto peke yake. Eleza kwa nini umechagua kila moja.