Gari la koperative likianza kunguruma

Ndugu wanachama, mawe ya barabara ya Sake kwenda Masisi yanapiga na kutoboa mabomba ya moshi ya magari yetu. Kelele siyo aibu tu: moshi wa injini una gesi isiyo na harufu, na ikiingia kwenye kabini inaua. Basi tusingoje.

1. Injini ikiwa baridi, tuweke mawe kwenye magurudumu, tuchungulie chini kwa tochi. Masizi meusi kwenye kiungo yanaonyesha panapovuja.

2. Tuwashe gari nje, siyo ndani ya depo. Mmoja azibe mdomo wa bomba kidogo tu kwa kitambaa kinene kilicholowa, mwingine asikilize. Panapolia «sss» ndipo palipotoboka.

3. Kifungio kikilegea, tukaze injini ikisha poa. Tundu dogo tulisugue kutu, tulizungushie bati la kopo, tukaze kwa vifungio viwili. Hiyo ni ya kutufikisha kwa fundi tu.

4. Ikilia «ta-ta-ta» karibu na injini asubuhi, kisha ikapungua injini ikipata moto, mara nyingi ni gasketi. Tumwachie fundi.

Mtu akisikia kichwa kinauma au kizunguzungu njiani, tusimame, wote washuke. Viazi vitafika kesho.