Ndege na Wanyama wa Majira ya Kuchipua katika Pwani na Nyanda za Yorkshire

Swali: Kwa nini Aprili hadi Juni huwafaa zaidi watazamaji?

Jibu: Katika miezi hiyo ndege walioishi baharini au ng'ambo wakati wa baridi hurejea kuzaliana, na kiota huwafunga mahali pamoja. Kwenye magenge ya chokaa ya Bempton, yenye kimo cha takriban mita 100, hutaga maelfu ya ganeti, ndege weupe wenye mabawa ya karibu mita 2 yakikunjuliwa. Pafini, mwenye mdomo wa rangi kali, hujificha katika nyufa za miamba na huondoka Julai, hivyo anayesubiri Agosti humkosa.

Swali: Na katika nyanda za hedha?

Jibu: Hizi ni nyanda za juu zisizo na miti mingi, zilizofunikwa na hedha, yaani kichaka kifupi kinachoota kwenye udongo wenye maji na tindikali, na humo sikio hutangulia jicho. Sululu, ambaye jamaa zake hutembea kwenye matope ya mikoko ya Afrika Mashariki, hutambulika kwa mdomo mrefu uliopinda chini na mlio wake wa kutetemeka. Kekeo naye husikika tangu Aprili, na jike lake hutaga katika viota vya ndege wengine wadogo. Vifaa vya setilaiti vilivyofungwa kwa kekeo kuanzia mwaka 2011 vimeonyesha kwamba wale wa Uingereza hupitisha majira ya baridi katika misitu ya bonde la Kongo, nao hukaa Afrika muda mrefu kuliko Uingereza; kwa hiyo kuwalinda ni wajibu wa pande zote mbili.

Swali: Je, kuna nyoka wa hatari?

Jibu: Yupo mmoja tu mwenye sumu, mwenye mstari mweusi wa pembepembe mgongoni, ambaye huota jua asubuhi na kwa kawaida huuma akikanyagwa au akishikwa.

Swali: Mtazamaji atajuaje kwamba amekaribia mno?

Jibu: Sululu anayezunguka juu huku akilia ana mayai au makinda karibu, na kila dakika anayokaa hewani mayai hupoa; mtembezi arudi kwa njia aliyoijia, kisha atumie darubini. Kwa sababu hiyohiyo sheria ya mwaka 2000 inaagiza kwamba, katika ardhi iliyofunguliwa kwa umma, mbwa afungwe kamba isiyozidi mita 2 kuanzia Machi 1 hadi Julai 31.