Utelezi wa Pipa la Maji

Kila bweni katika shule yetu lina pipa la maji ya kunywa, na muhula uliopita nilichaguliwa kuwa mwangalizi wa pipa la bweni letu. Kazi ilionekana nyepesi. Kila jioni nililijaza maji, nikatia dawa ya klorini kwa kipimo nilichofundishwa, nikafunika, nikaenda zangu kujisomea. Utelezi ulioshika kuta za pipa kwa ndani niliuona, lakini nilijiambia kuwa dawa itaumaliza. Haikuumaliza. Juma la tatu wenzetu wanne wakashikwa na tumbo la kuhara. Haikuthibitishwa kuwa ni maji yale, walakini usiku ule sikupata usingizi.

Asubuhi nilimwendea mwalimu wetu wa biolojia nikamweleza yote. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Je, pipa ulilisugua?"

Nikajibu, "La, Mwalimu, nilitia dawa tu."

Akasema, "Basi umewanyeshea mvua watu walio ndani ya nyumba."

Maana ya maneno hayo ndiyo ninayotaka kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu.

Wengi wetu hudhani kuwa bakteria huishi mmoja mmoja, wakiogelea majini kama samaki wadogo. Wako wanaoishi hivyo, lakini mara nyingi hutua juu ya kitu, wakashikamana, na kujifunika kwa ute wanaoutengeneza wenyewe. Huo ndio utando wa bakteria. Utelezi wa pipa ni utando. Ukoga wa meno nao ni utando. Mwaka 1683 Mholanzi Antoni van Leeuwenhoek alikwangua ukoga wa meno yake, akautazama kwa lenzi aliyoitengeneza kwa mkono wake, akastaajabu kuona viumbe hai tele.

Sisi nasi tulijaribu. Tulitundika kipande cha kioo ndani ya chupa ya maji ya mto kwa siku tano. Kisha tulikisuuza taratibu, tukakitia ile dawa ya zambarau ipakwayo vidonda vya mdomoni, tukakisuuza tena. Kioo safi kilichotiwa dawa hiyohiyo hakikubaki na rangi. Kile cha maji ya mto kilibaki na mabaka ya zambarau, na kwa hadubini tuliona bakteria wamelala pamoja makundi makundi. Maji yalipita, lakini wao hawakung'oka.

Ni nani aliyewafundisha kujenga? Jibu limo katika jeni zao. Jeni ni kama amri zilizoandikwa katika kitabu: kitabu chote kimo ndani ya kila bakteria, lakini si kurasa zote zisomwazo kwa wakati mmoja. Na tumtazame bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae. Kitabu chake kilisomwa chote mwaka 2000, kikaonekana kina jeni zipatazo 3,900. Akiwa safarini, jeni za mkia hufanya kazi, naye huogelea. Akipata mahali pa kukaa, kazi ya mkia hupunguzwa, na jeni ziitwazo vps huanza kutoa amri ya kutengeneza ute wa namna ya sukari. Jeni nyingine hutengeneza protini za kugandisha: iitwayo RbmA hushikanisha bakteria na mwenzake, na iitwayo Bap1 husaidia kuubandika utando mahali ulipo. Wataalamu walipoziharibu jeni za vps, bakteria wale hawakuweza tena kujenga utando ulio imara.

La ajabu zaidi ni kwamba huhesabiana. Kila mmoja hutoa kemikali fulani majini. Wakiwa wachache, kemikali hiyo ni kidogo, nao huendelea kujenga. Wakisongamana, kemikali huwa nyingi. Hapo jeni iitwayo hapR huamka na kuzizuia jeni za ujenzi, nao huanza kutawanyika kutafuta makao mapya. Kwa hiyo utando si uchafu uliolala tu. Ni mji, na mji huo hutoa wahamiaji.

Sasa tuje kwa virusi. Bakteria nao huugua. Mwaka 1917 Félix d'Herelle, aliyekuwa akifanya kazi Ufaransa, alieleza habari za virusi viwaharibuvyo bakteria, akaviita bakteriofaji, yaani walaji wa bakteria. Nilipoyasikia hayo nilifurahi, nikasema, "Basi, Mwalimu, virusi hivyo vitautafuna utando wote." Akacheka. Akaniambia kuwa virusi hubomoa, na pia hujenga.

Kwanza, kubomoa. Baadhi ya bakteriofaji vina vimeng'enya vinavyokata ute, vikapata njia ya kuwafikia bakteria waliojificha. Lakini bakteria nao wana kinga. Mwaka 2018 ilionyeshwa kuwa bakteria wa utumbo, E. coli, akiwa na jeni za kutengeneza nyuzi ziitwazo kurli, husuka wavu ndani ya utando, na virusi hunasa nje ya wavu huo.

Pili, kujenga. Yuko bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, apendaye mahali penye unyevu, naye huwasumbua sana wagonjwa wenye majeraha ya moto. Mwaka 2002 iligunduliwa kuwa DNA iliyomwagika nje ya bakteria hawa ni sehemu ya gundi ya utando wao. Ikikatwakatwa mapema, utando mchanga huyeyuka. Na kirusi kimpasuapo bakteria humwaga DNA yake, kwa hiyo kifo cha mmoja chaweza kuwa udongo wa nyumba ya wengine. Tena ndani ya jeni za bakteria huyo mara nyingi mmejificha kirusi kiitwacho Pf, chenye umbo la uzi mrefu. Mwaka 2015 ilionyeshwa kuwa nyuzi za Pf, zikichanganyika na ute, hujipanga pamoja kama fito za ukuta, na utando ukawa mzito na mgumu kwa dawa kupenya.

Hata bakteria wa kipindupindu ana deni kwa kirusi. Mwaka 1996 Matthew Waldor na John Mekalanos wa Marekani walionyesha kuwa jeni za sumu yake ya kuharisha hubebwa na kirusi cha namna ya uzi. Bakteria asiyekuwa na sumu hiyo huweza kuipata kwa kuingiliwa na kirusi hicho.

Haya yote yatufaa nini sisi wenye mapipa? Klorini ni dawa njema, nayo huwaua bakteria waogeleao. Lakini ikikuta utando, nguvu zake hupotea katika ute wa juu kabla ya kuwafikia walio ndani. Siku ya pili walio ndani hutoka tena. Na kipande cha utando kikibanduka na kunywewa, bakteria waliomo huistahimili asidi ya tumbo kuliko wale waogeleao peke yao.

Hata hivyo, tabia hiyo ya kukusanyika yaweza kuwaponza. Katika vijiji vya Bangladesh, ambako bakteria wa kipindupindu hujishikiza juu ya wadudu wadogo sana wa majini, akina mama walifundishwa kuchuja maji kwa kitambaa cha sari kuukuu kilichokunjwa mara kadhaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: kipindupindu kilipungua kwa 48 kwa mia. Kitambaa hakiwezi kumzuia bakteria mmoja, lakini humzuia mdudu aliyewabeba. Kuchuja huko hakuondoi haja ya kuchemsha maji au kutia dawa.

Basi, wenzangu, na wazazi mlio na mitungi na madumu nyumbani, fuateni utaratibu huu. Mwageni maji yote. Sugueni kuta na pembe kwa brashi na sabuni, msisahau bomba na mfuniko. Suuzeni. Ndipo mtie maji safi na dawa kwa kipimo kilichoandikwa, mngoje nusu saa kabla ya kunywa. Dumu lenye mdomo mwembamba litieni changarawe safi na maji ya sabuni, mlitikise kwa nguvu, kisha mlisuuze vema.

Pipa la bweni letu sasa husuguliwa kila Jumamosi. Nikimaliza kusugua nanawa mikono, napitisha kidole ukutani kwa ndani. Kikiteleza, chupa ya dawa naiweka chini na kuchukua brashi tena.