Kumtegemea Mungu Wakati wa Kudhulumiwa



Wanaotaka kuujua Uislamu hapa mkoani Mara, wawe wa Musoma au wa Bunda, hutuuliza mara kwa mara: Ikiwa Mwenyezi Mungu ni Mwenye haki, mbona huwaacha waja Wake wema wateswe bila kosa? Na wale waliokwisha ingia katika dini huliuliza kwa uchungu zaidi, maana wako waliotengwa na jamaa zao, wakanyimwa hata sehemu yao katika shamba la baba. Swali hili ni la haki, wala si kufuru kuliuliza.

Kurani Tukufu yalijibu kwa kutusimulia habari za Nabii Yusufu a.s. katika sura yenye jina lake. Ndugu zake walimtumbukiza kisimani. Akauzwa utumwani Misri. Mke wa bwana wake alipomtaka naye akakataa, akasingiziwa. Kanzu yake ilionekana imechanwa kwa nyuma, ikadhihiri kwamba hana hatia. Hata hivyo akafungwa. Msomaji aangalie vema: alifungwa baada ya ukweli kujulikana, si kabla. Dhuluma nyingi hazitokani na ujinga, bali na woga wa wakubwa kuaibika.

Gerezani hakukaa kulia. Aliwahubiria wafungwa wenzake Umoja wa Mungu kwanza, ndipo akawafasiria ndoto zao. Tena yule aliyekaribia kufunguliwa alimwomba amtaje mbele ya bwana wake. Wako wasemao kwamba kumtegemea Mungu ni kukunja mikono, Yusufu a.s. alimtegemea Mungu na bado akatafuta njia. Yule mtu akasahau, na miaka kadhaa ikapita.

Mwishowe mfalme akamwita. Mtu mwingine angekimbilia mlangoni. Yeye alimrudisha mjumbe, akataka kwanza ichunguzwe habari ya wale wanawake waliojikata mikono. Hakupenda kutoka kwa huruma ya mfalme huku jina lake lingali chafu. Watu wa Mara, ambako wizi wa ng'ombe umeharibu ujirani wa koo nyingi, wataelewa upesi. Aliyesingiziwa wizi huo akiachiliwa kwa kuonewa huruma tu, watoto wake wataitwa watoto wa mwizi. Subira haimkatazi kudai kwamba kesi yake isikilizwe. Inamkataza kusema uongo ili ashinde, kutoa rushwa, au kwenda usiku kuichoma nyumba ya aliyemshtaki.

Nchi hii imekwisha kuona mwenendo wa namna hiyo. Julius Nyerere wa Butiama, aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, hakuwa Mwislamu bali Mkatoliki. Lakini wema hutajwa popote ulipo. Mwaka 1955 ilimbidi achague kati ya ualimu wake huko Pugu na kazi ya TANU. Akauacha mshahara, akarudi kwao. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilimshtaki kwa makala katika Sauti ya TANU yaliyowalaumu mabwana shauri wawili. Hakuyakana. Akahukumiwa kulipa shilingi 3,000 au kufungwa miezi sita. Faini ikalipwa, wala TANU haikuiacha njia ya amani. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961.

Lakini huenda mwulizaji akasema: Yusufu alipewa hazina za Misri, na Nyerere akawa Rais; je, yule afaye kabla ya kuiona haki yake? Huyo asipewe jibu jepesi. Na atazame nyumba ya Yasiri, Makka. Yasiri, mkewe Sumayya na mwanao Ammari waliteswa juani kwa sababu ya kumwamini Mungu Mmoja. Mtume Muhammad s.a.w. alipita penye mateso yao, wala hakuwa na nguvu za kuwaokoa; akawausia subira na kuwaahidi Pepo. Hakuwaahidi mali wala ukubwa. Sumayya alichomwa mkuki na Abu Jahli akafa, wa kwanza kuuawa katika njia ya Uislamu. Mwaka 630, Mtume s.a.w. alipoingia Makka na kuwasamehe watu wake kama Yusufu a.s. alivyowasamehe ndugu zake, Ammari alikuwa hai. Mama yake alikuwa amekwisha lala kaburini miaka mingi.